Magauni Meupe ya Levina

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani humjua mtu kwa nguo yake kabla hajafungua mdomo. Niletee suruali nitakwambia ilipiga magoti kanisani au shambani. Niletee blauzi nitakwambia mwenye blauzi alicheza ngoma au alikaa mbele na wazee. Kwa hiyo wanawake wa bonde hili walipokuja barazani na magauni mikononi, wakaapa kwamba hayajavaliwa hata saa moja, mimi nilijua. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu mke wangu hapendi nigombane na watu wa jumuiya. Kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo.

Levina alikuwa jirani yangu hapa Lumemo, Ifakara, chumba cha pili kutoka changu. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mrefu, hapazi sauti hata akikanyagwa. Aliuza mitumba kwa simu. Kila asubuhi alitundika nguo kwenye msumari juu ya cherehani yangu, kwa kuwa ukuta wangu una rangi ya maziwa na nguo inaonekana vizuri, akazipima kifua, kiuno na urefu kwa futi yangu ya kupimia bila hata kuomba. Kama nguo ina doa, alilipiga picha doa lenyewe kwa karibu. Nilimwambia hakuna muuzaji duniani anayepiga picha doa. Akasema mnunuzi asije akalikuta doa nyumbani kwake.

Picha zilikwenda kwenye kundi lake la Watsapu, lenye wanawake kutoka hapa mjini hadi Mlimba. Wa kwanza kuandika "yangu" ndiye mwenye nguo. Jioni mizigo ilifungwa, ikaandikwa majina, ya karibu ikachukuliwa na bodaboda, ya mbali ikasubiri basi au treni. Na chini ya kila picha, kila siku ya Mungu, aliandika maneno yale yale: Isipokukaa, irudishe. Hela yako utaipata. Hakuna maneno.

Maneno hayo yalinikera kuliko mbu. Nilimwambia aweke siku: mbili, tatu, zikipita basi. Nilimwambia aandike nguo iwe haijavaliwa. Nilimwambia ukicheka na nyani utavuna mabua. Akacheka. Methali zangu zilimchekesha sana.

Siku moja tu ndipo aliponiambia kwa nini. Aliwahi kuolewa Mlimba, miaka kumi na mmoja, hakujaliwa mtoto. Mwisho mume akamchukua yeye na begi lake, akampeleka hadi kwao Mahenge akamwacha. Wazazi walishafariki, aliyebaki nyumbani ni kaka yake, Nikodemu. Nikodemu alisimama mlangoni, hakusema karibu, hakuleta maji. Akauliza, "Umekosa nini huko mpaka wakurudishe?" Levina akajieleza palepale uani, begi likiwa kichwani, majirani wakisikiliza.

"Nikajiapia, fundi," aliniambia. "Mtu akija mlangoni kwangu na kitu kilichokataliwa, sitamsimamisha ajieleze."

Utambishia nini mtu wa namna hiyo? Akaja Ifakara na mfuko mmoja wa nguo, akaanza. Chumba kile cha kupanga ndicho kilichokuwa kinga yake dhidi ya mlango wa Nikodemu. Biashara ikifa, kodi haitalipwa, na hana pengine pa kwenda ila uani kule kule. Hilo alilijua yeye na nililijua mimi.

Mwanzoni nguo zilizorudi zilikuwa chache, na nyingine zilituchekesha. Mama mmoja mfugaji alirudisha gauni la buluu akisema mbung'o wamemfuata nalo kutoka malishoni hadi jikoni. Hapo nilimtetea mama, maana mbung'o kweli wanapenda buluu. Mwingine alirudisha koti baada ya wiki tatu, eti tangu alivae hajapata bahati. Mwingine alirudisha sketi aliyoendea sendofu ya mdogo wake, na punje ya pilau bado imo mfukoni. Levina alizipokea zote. Alisema pole mama, akarudisha hela, akafua nguo, akaitundika tena kwenye msumari kwa bei ya chini. Mimi nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili wasinisikie ninavyosonya.

Mwaka huu, kabla ya sikukuu ya Ekaristi, alipata wazo, na ninakiri hata mimi lilinifurahisha. Watoto wengi walikuwa wanapokea Komunyo ya kwanza, mjini na vigangoni, na mpunga ulikuwa unavunwa, kwa hiyo watu walikuwa na hela. Levina alimwendea Justin, yule mwenye duka la mabelo ya mitumba karibu na stendi, akachukua belo la magauni ya watoto, meupe matupu, ya lesi, yenye mikono mifupi ya kupuliza. Alitia kila alichokuwa nacho. Tulilikata kamba hapa barazani, magauni yakafumuka mpaka wapita njia wakasimama.

Yaliisha kwa siku sita, arobaini kasoro moja. Yangu, yangu, yangu, simu haikupoa. Mimi nilipunguza mapindo mpaka vidole vikafa ganzi. Ya watoto wa mjini niliwapima wenyewe nikamaliza kwa cherehani. Ya mbali, ambayo sikumwona mtoto, nilikunja pindo nikalishikiza kwa mkono, kwa uzi wa buluu, mishono mikubwa. Levina akamwandikia kila mmoja: mtoto ajaribu, likimkaa fundi wa huko alishone, halafu huo uzi wa buluu uvutwe utoke. Niliuweka wa buluu makusudi. Hakuna mama atakayempeleka mtoto altareni na uzi wa buluu unaning'inia kwenye gauni jeupe.

Jumapili ya sikukuu nilikuwa kanisani. Watoto waliingia kwa mstari, na nilihesabu mapindo yangu kama mjinga, nikajivuna mbele ya Sakramenti, Mungu anisamehe. Levina alikaa upande wa wanawake akilia. Hakuwa na mtoto kwenye mstari ule, lakini nusu ya mstari ulikuwa umepita mikononi mwake.

Jumatatu asubuhi akaja mama Theodosia.

Huyu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu mzima, mwanamke wa heshima ambaye hata mimi humwamkia nikiwa nimesimama. Levina alimpa shikamoo. Mama Theodosia akaitikia, akatoa gauni kwenye mfuko, limekunjwa, doa la soda ya chungwa kifuani.

"Nimekuletea gauni lako, mwanangu," alisema. "Mjukuu ameshapokea salama. Halimkai tena."

Lako. Alisema lako, na hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sisi wote tulipaswa kulikumbuka kabla ya kukata kamba. Katika vijiji vyetu, huku bondeni na kule Mahenge alikotoka Levina, gauni la Komunyo halikuwa la mtu. Nyumba moja ilikuwa nalo, watoto wa kijiji wakaliazima mwaka baada ya mwaka, likifuliwa linarudi kwa mwenyewe. Mimi mwenyewe nilipokea Komunyo na shati la mtoto wa katekista, na jioni yake mama yangu alilirudisha. Nani abaki na nguo ya Mungu ili mtoto aende nayo kuchota maji? Kwa wanawake wale, Levina alikuwa amejitokeza kuwa nyumba ile yenye gauni. Na maneno yake mwenyewe yalikuwa chini ya picha: irudishe.

Lakini kuazima hakuna malipo, na anayeazima harudishiwi kitu. Mama Theodosia alitaka hela yake. Nilikohoa. Nilikohoa tena. Levina aliniangalia, akamwangalia mama mtu mzima amesimama mlangoni na nguo mkononi, akaingia ndani akatoa hela. Hakumwuliza swali hata moja.

Mama Theodosia ni mtu wa shukrani. Alipofika kwake alituma ujumbe wa sauti kwenye lile kundi, akimsifu Levina kwamba ni mwaminifu, gauni amelipokea bila neno, Mungu ambariki. Baraka zikaja siku hiyohiyo.

Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda. Waliokuwa mbali walituma kwa kondakta, halafu wakapiga simu kuuliza mbona hela haijaingia. Mtoto amekua, mmoja alisema, tangu Jumapili. Rangi si ile ya kwenye picha, alisema mwingine, nikajiuliza nyeupe ina ndugu wangapi. Halijavaliwa kabisa, fundi, angalia mwenyewe, na mimi ninaliona jasho la mtoto kwenye kwapa na vumbi la Ifakara kwenye pindo nililolishona mwenyewe. Hakuna aliyekuja kudai hela ya mshono wangu, hilo walau walinistahi.

Mmoja Levina alijaribu kumkatalia, kwa sauti yake ile ya chini. Mama yule aliandika kwenye kundi kwamba kuna wanaopokelewa na kuna wanaobaguliwa, na neno tapeli likaandikwa kwa mara ya kwanza. Levina aliliona neno lile akashika kichwa. Akatuma hela. Kwa mtu anayeuza kwa simu, jina ndilo duka, na kwa yeye ambaye jina lake lilishasemwa uani mbele ya majirani, nadhani kulisikia tena kulikuwa jambo asiloliweza.

Ijumaa alikuwa amerudisha hela ya magauni thelathini na nane. Alifungua kabati alimoweka hela, akalikuta tupu, akalifunga. Chumba kilijaa weupe mpaka mlangoni. Aliniomba nimsindikize kwa Justin.

Tuliyatia magauni kwenye gunia, tukalibeba wawili. Njiani alikuwa akiongea peke yake, ananong'ona, na nikasikia anajaribu maneno. Mengi hayakuvaliwa. Rangi si ile niliyoitarajia. Nilimwangalia, akaona aibu akaacha.

Justin ni kijana mstaarabu. Alimpa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, hakukunja uso.

"Dada," alisema, "belo likishakatwa kamba halirudi."

Basi. Alisema hivyo, akamgeukia mteja mwingine, akamwuliza anahitaji nini. Levina aliendelea kukaa kwenye kile kiti. Tulipotoka aliniambia kwamba Justin hakukasirika hata kidogo, alilisema kama mtu anayetaja siku ya leo. Alirudia mara tatu njiani: hakukasirika hata kidogo. Ilionekana kama amegundua kitu ambacho watu wengine walizaliwa wanakijua.

Kesho yake, Jumamosi mchana, lilisimama lori la mpunga hapo barabarani, akashuka mwanamke wa Kisukuma na mfuko wa plastiki. Alikuwa Nyamizi, wa Idete. Gauni lake lilikuwa la thelathini na tisa, na ndilo la mwisho. Alinipa shikamoo, akamsogelea Levina aliyekuwa amekaa kizingitini, akaanza kufungua mfuko.

"Usinieleze, mama," Levina alisema. "Sipokei. Likishatoka halirudi."

Lilikuwa neno la Justin, ila yeye hakuweza kulisema bila kutetemeka. Nyamizi alisema hajasema kitu bado. Levina akamwambia anajua anachotaka kusema, wote wana sababu. Yule mama akaeleza hata hivyo, polepole, akiwa amesimama. Binti yake, Eliza, alikuwa shambani mwezi mzima akiamia ndege wasile mpunga, akakosa mafundisho, na katekista akamtoa kwenye orodha mpaka mwakani. Mwakani gauni litakuwa dogo. Alipokuwa akieleza alilikunjua gauni alionyeshe, na mimi na Levina tukaona kwa pamoja. Uzi wa buluu ulikuwa bado kwenye pindo, mshono kwa mshono, kama nilivyouacha.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, maana wiki nzima mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa waongo, ungefunguka kwa huyu mmoja. Haukufunguka. Nilimsubiri Levina, na Levina alikuwa anaangalia chini.

"Sipokei, mama," alisema tena.

Nyamizi alikunja gauni kwa mikunjo yake ile ile. "Haya, dada. Asante," alisema, akavuka barabara kutafuta usafiri. Hakusonya, hakutaja neno tapeli.

Nilimwambia Levina kwamba gauni lile halikuvaliwa. Akanijibu bila kuinua uso, "Najua, fundi. Nimeuona uzi. Sina cha kumpa."

Halafu akalia. Levina ambaye hapazi sauti alilia mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alisema amemsimamisha mtu mlangoni akamfanya ajieleze, na baada ya kujieleza akamkataa. Alisema Nikodemu walau alimpokea mwishowe. Nilikuwa na hasira na mama Theodosia, na bonde zima, na mimi mwenyewe zaidi.

Jumatatu aliuza simu. Alimwuzia kijana anayetengeneza simu pale sokoni, bei ya shida, akaja moja kwa moja barazani akaweka hela kwenye droo ya cherehani yangu, karibu na vifungo. Ya Nyamizi, alisema, nimtumie. Nikamwuliza namba. Namba ya Nyamizi ilikuwa ndani ya simu. Alikimbia kurudi sokoni na kandambili mkononi, na kijana alikuwa ameshafuta kila kitu ili aiuze kama mpya.

Jumatano alipanda basi la Mahenge. Aliniomba nishone mdomo wa gunia la magauni, nikaushona mara mbili. Alisema Nikodemu atauliza amekosa nini, na safari hii hajui aanze na lipi. Basi likaondoka kuelekea darajani, nami nikarudi kwenye ukuta wangu wenye msumari mtupu.

Mimi si mtu mwema sana. Idete si mbali, lakini nilipitisha Jumapili tatu nikijiambia Nyamizi atapita mwenyewe. Ya nne mke wangu aliitoa ile hela kwenye droo, akaniwekea mfukoni, akaniita bodaboda.

Idete wapo akina Nyamizi kadhaa. Niliulizia mwenye binti aliyekosa Komunyo, nikaelekezwa kwenye nyumba iliyo pembeni ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Kabla ya kufika nilimwona mtoto akichunga ndama kwenye mabua. Alikuwa amevaa gauni jeupe la lesi lenye mikono ya kupuliza. Chini lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na uzi wa buluu ulikuwa umeachia upande mmoja, unaburuzika.

Nyamizi alinipa kigoda na maji kabla hajauliza kilichonileta. Nilieleza, nikatoa hela. Aliiangalia bila kuigusa.

"Ameipata wapi?" aliuliza.

Nikamwambia ameuza simu. Akasema aliporudi siku ile, binti alimwomba alivae hata nyumbani tu, akamwachia, na tangu hapo halivui.

"Limeshavaliwa, fundi," alisema. "Nguo iliyovaliwa hairudishwi. Hiyo si halali yangu."

Nilimsihi. Alikataa, na nilivyozidi kumsihi ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Mwisho nikamwomba sindano na uzi mweupe. Eliza aliitwa, akapiga goti akanipa shikamoo, nikalishona pindo akiwa amesimama mbele yangu na fimbo yake ya ndama, na uzi wa buluu nikauvuta wote nikautia mfukoni pamoja na ile hela.

Jioni nilipiga simu Mahenge, kwa namba ya kaka yake aliyoniachia, nimwambie Levina kwamba hela yake ipo, nimtumie. Alipokea Nikodemu. Kabla ya kuitikia salamu aliniuliza mimi ni nani, na nina shida gani na dada yake. Nilijieleza, swali baada ya swali, mpaka akaridhika akampa dada yake simu.

Nilimsimulia yote. Habari ya hela hakuitikia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama lile gauni lilimkaa mtoto. Nikamwambia limemkaa vizuri, ila pindo nimelishona upya.